Agatha Alivyokalia Mdomo wa Kisima

Ukiwauliza watu wa Newala habari za Agatha, wataanza na mwili wake. Watakwambia ni mwanamke mwembamba, anapita kwenye mdomo wa kisima bila bega kugusa saruji. Ni kweli. Lakini hao hawajawahi kuishika kamba yake hata siku moja. Niliyeishika miaka saba ni mimi, Cecil wa Chiungutwa, kwa hiyo wao wanyamaze kidogo, niseme mimi.

Shule niliiacha darasa la tano. Niliona nikiendelea wenzangu hawatapata nafasi ya kuwa wa kwanza hata mmoja. Akili nilibaki nazo, na ndizo nilizokuwa nazitumia kazini.

Kama hujafika kwetu, ujue kule juu ya uwanda hakuna mto wala chemchemi. Maji yako chini bondeni. Akina mama wanateremka alfajiri na ndoo tupu, wanapanda nazo zimejaa jua likiwa utosini. Mwenye uwezo anachimba kisima uani kwake, shimo la kina cha watu watatu waliopandana mabegani, analisakafia saruji, juu anaacha mdomo mdogo kama wa chungu. Mvua ikinyesha, bomba linaleta maji kutoka kwenye bati. Soko la korosho lilipofunguliwa na kila mwenye lori akaja kununua, watu walipata fedha za bati na saruji, na visima vikaota kama uyoga.

Sasa kisima kila mwaka lazima kisafishwe kabla ya mvua. Kuna tope, majani, vyura waliokufa, viatu vya watoto. Kushuka na kuvitoa ndiyo kazi ya Agatha, Mama Stella. Alimrithi kaka yake, Anthony. Anthony alikufa kisimani, upande wa Lupaso. Mwenzake alishuka, akaanguka, Anthony akamwona, akaitupa kamba akamfuata. Agatha alikuwa pale juu amekuja kumletea kaka yake uji. Wote wawili walitolewa kwa ndoano.

"Mtu wa kwanza anauawa na kisima," Agatha alikuwa ananiambia. "Wa pili anauawa na huruma."

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Tukifunua mfuniko, yeye anapiga magoti, anainamisha kichwa anaita, "Hodi!" Mara tatu. Anasikiliza hodi yake inavyorudi. Mimi naona utoto, lakini namwacha, mtani wangu huyo, yeye Mmakonde, mimi Mmakua, hatugombani kwa mambo madogo. Halafu inakuja kazi ya mwenye akili. Nawasha koroboi, naifunga kwenye kamba nyembamba, naiteremsha. Ikizimika, hewa mbaya, hakuna kushuka. Ikiwaka, hewa nzuri, shuka. Hapo hakuna hodi wala nini. Moto hausemi uongo.

Tukimaliza vyote hivyo, Agatha anashika shingo yake kwa nyuma, hapa penye vinyweleo, anatulia. Shingo ikikubali anafunga kamba kiunoni. Shingo ikikataa, hata uwashe karabai kumi, hashuki.

Na mambo yake yote aliyaendesha kwa shingo hiyo. Akinunua samaki wakavu sokoni Masasi, mimi nawanusa, nawageuza, nahesabu mapezi. Yeye anaangalia pembeni, anachukua wa kwanza aliyemgusa. Siku moja tumepata viti kwenye basi, viti kabisa, vya dirishani, akasimama: "Cecil, tushuke. Shingo imekataa." Tukashuka na ndoo zetu. Basi lilifika salama salimini. Sisi tulifika kesho yake, na malengelenge.

Nilimcheka mwezi mzima. Kuna kisima kingine alikikataa, akaja mwanaume mwingine akashuka, akasafisha, akatoka anaimba. Nikamcheka tena. Lakini pia kuna kimoja karibu na barabara ya Newala, koroboi imewaka vizuri kabisa, akasema hapana. Tukaondoka. Siku ya tatu ukuta wake wote wa upande wa mashariki ukaporomokea ndani. Siku hiyo sikucheka. Nilisema ni bahati. Moyoni nilihesabu: mara moja kapata, mara mbili kakosa, mimi bado naongoza.

Nikiwa na hesabu hiyo kichwani ndipo tulipokwenda kwa Mahmudu.

Ilikuwa Oktoba, mwaka tisini na sita. Mahmudu alikuwa mnunuzi wa korosho, mwenyeji wa kijiji kimoja nje kidogo ya Newala mjini. Mtu wa tumbo na mizani. Alikuwa na kisima kimoja cha zamani na cha pili kipya, amekijenga mwaka uliotangulia, bado hakijaunganishwa na bati. Bomba lake la plastiki lilikuwa limelazwa ukutani linasubiri. Alitaka kisafishwe, mvua zikianza kipokee maji.

Tulifika saa tatu asubuhi. Jua limeshawaka, anga jeupe, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mkorosho. Mdogo wake Mahmudu, Nurdin, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, alitupokea ndoo. Mke wa Nurdin, Stamili, alikuwa kibarazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, Mama Stella."

"Marahaba, Nurdin. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Shikamoo na wewe, Cecil, mzee wa kushika kamba."

"Marahaba. Na ukinitania tena nitakushusha wewe."

"Nishushe! Mimi nashuka kuliko huyo mama. Kazi yenyewe kuchota tope."

Tukacheka. Sikujua kama nimesema neno litakalonirudia usingizini.

Tukasogeza mfuniko, mimi na Nurdin. Upande wake wa chini ulikuwa umejaa mende na mijusi, wamebanana kama waumini siku ya Idi. Hawakukimbia. Mende ukimfunua anakimbia, ndiyo tabia yake. Hawa walikaa tu, wamejigandamiza kwenye zege, kila mmoja kichwa juu. Nikawafagia kwa mguu, nikasahau.

Agatha akapiga magoti.

"Hodi!"

Kisima kikavu kinakurudishia hodi yako imenona, kama umeitwa na mwanaume mnene. Hiki hakikurudisha kitu. Kiliimeza.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Akainua kichwa, akanigeukia, mdomo wake umefungwa kabisa, namwona. Ndipo ikarudi. Hodi moja, ndogo, imechelewa, kama mtu aliyekuwa anafikiri kwanza.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Mwangwi," nikasema. "Shimo jipya, saruji bado haijakaa."

Usiniulize saruji na mwangwi vinahusiana nini. Nilikuwa na jibu, nikalitoa. Nikawasha koroboi, nikaiteremsha taratibu. Ikashuka, ikawaka. Ikafika mwisho wa kamba, ikawaka. Mwali umesimama wima, wala hautingishiki.

Hapa nina neno ambalo miaka mingi sikulisema. Kamba ile ya koroboi zamani ilikuwa inafika chini kabisa na kubaki. Wiki moja kabla nilikuwa nimekata kipande nifungie kuku kwenye kerea ya baiskeli. Kwa hiyo siku ile taa yangu iliishia usawa wa kifua cha mtu aliyesimama sakafuni. Niliona. Nikapiga hesabu: kama hewa ya kifuani ni nzuri, ya miguuni itakuwaje mbaya, na ni shimo moja? Hesabu safi. Nikanyamaza.

Agatha akashika shingo. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Shingo imekataa," akasema.

Mahmudu alikuwa ametoka na kikombe cha chai. "Imekataa nini?"

"Sishuki, Baba Zuhura. Leo hapana."

"Kuna nini ndani?"

"Sijui."

"Hujui! Mimi nanunua korosho kwa mizani, wewe unasafisha visima kwa shingo?" Akacheka, chai ikamwagika. "Cecil, taa inasemaje?"

Nami, mwenye akili, nikajibu, "Taa inawaka, mzee. Mama Stella anapenda tu kubembelezwa." Nikacheka na mimi. Natamani mtu angenipiga kibao.

Nurdin alikuwa ameshavua shati. "Nishuke mimi. Shingo yangu haina maneno."

Agatha akamshika mkono. "Mwanangu, subiri. Kesho tutakuja tena, tuache kimefunuliwa kipate upepo."

"Upepo uko wapi, Mama Stella?" Akamwonyesha miti, yote imesimama kama imechorwa. "Taa imekubali. Nipe kamba."

Agatha hakuwa na sababu ya kumpa. Hilo ndilo tatizo la shingo, haitoi sababu, na mbele ya wanaume watatu na koroboi inayowaka, mtu asiye na sababu anaonekana mjinga. Akamfunga kamba kiunoni mwenyewe, akavuta fundo mara mbili. "Usiifungue. Hata ikikubana."

Nurdin akashuka kwa ngazi ya vyuma iliyojengewa ukutani mwa kisima, anaimba. Ndoo ya kwanza ya tope nikaivuta. Ya pili nikaivuta. Tope lilikuwa jeusi, zito, na lilinuka utamu, kama uraka, pombe yetu ya mabibo, uliokaa siku nyingi. Agatha akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Baba Zuhura, humu mliweka nini?"

"Kuweka nini? Kisima hicho."

"Hakijawahi kuingiwa na maji. Tope limetoka wapi?"

"Vumbi na mvua ya mwaka jana." Akaangalia pembeni.

Ndoo ya tatu haikuja. Nikatikisa kamba ya ndoo: kimya. Wimbo nao umekatika, na hakuna aliyekumbuka umekatikia wapi. Nikavuta kamba ya kiunoni. Ikaja nyepesi, inateleza tu, mpaka kitanzi kikatokea kwenye mwanga, kitupu. Alikuwa ameifungua.

Nikachungulia. Nurdin amelala kwa ubavu, shavu limezama kwenye tope, mkono mmoja umekunjwa chini yake. Kama mtu aliyelala.

"Ameanguka," nikasema.

Mahmudu alitupa kikombe, akaja mbio, ana mguu wake mmoja juu ya ukingo tayari. Sijui Agatha alitokea wapi. Niliona tu kanga inapita, na tayari amekalia mdomo wa kisima, amekunja miguu, amejaza tundu lote kama kizibo.

"Toka, mama!"

"Hushuki."

"Ndugu yangu yule!"

"Ndiyo maana hushuki."

Stamili alifika anapiga kelele, mbaazi zinamwagika. Akamrukia Agatha, akamkwangua uso kwa kucha, damu ikatoka. Agatha alishika ukingo kwa mikono miwili, hakuondoka. Na katikati ya makelele hayo, sauti ikatoka chini.

"Mama Stella."

Kucha za Stamili zikaachia. Ilikuwa sauti ya Nurdin. Tulivu, kama mtu anayeongea akiwa kitandani.

"Mama Stella, shuka. Huku kuna hewa nzuri."

"Mume wangu!" Stamili akaitikia, "Naam! Naam, mume wangu, tunakuja!"

"Anaongea!" Mahmudu akamshika Agatha mabega, akamvuta. "Yuko hai, anaongea, unamkalia kwa nini? Mchawi wewe?"

Nami niliisikia. Nitaapa kwa kitabu chochote utakachoniletea. Na mwili wangu wote ulitaka kushuka. Si kwa ushujaa, mimi siyo shujaa wa mashimo. Ilikuwa kama unavyotaka kulala ukiwa umechoka.

Agatha hakumtazama Mahmudu. Alinitazama mimi. Jasho limemtoka, damu shavuni.

"Cecil. Ulimwona amelalaje?"

"Ubavu."

"Mdomo wake uko wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye tope."

"Umezama?"

"Umezama. Na pua, nusu."

"Basi anayeongea ni nani?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Sauti ikaita tena. Safari hii haikusema Mama Stella. Ilisema neno moja tu, la Kimakonde, jina la utotoni nadhani, sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote kabla wala baada. Niliona uso wa Agatha unabadilika. Ukawa mdogo, kama wa binti wa miaka kumi. Na niliuona mguu wake wa kulia unajikunjua wenyewe, taratibu, unaingia kwenye tundu, kisigino, kifundo, goti. Yeye anautazama.

Akaushika kwa mikono miwili kama mguu wa mtu mwingine, akautoa.

"Shingo inasema nishuke," akaniambia kwa sauti ya chini. "Haijawahi kuniambia nishuke haraka hivi. Tangu nimeanza kazi hii haijawahi." Akameza mate. "Kwa hiyo sishuki kwa shingo. Tufikiri. Haraka, tufikiri. Chini hewa imeisha. Tutaipelekaje hewa?"

Mimi mwenye akili nilikuwa bado nimeshika kitanzi kitupu.

"Kitu cha kupuliza," akasema, kama anaongea na mtoto. "Nini kinapuliza? Ungo hautoshi." Macho yake yakazunguka uani, nyumba, ghala, bomba lililolazwa ukutani. "Mashine ya salfa! Baba Zuhura, unayo?"

Mkorosho usipopulizwa salfa unaumwa ugonjwa wa unga, maua yanakauka, huvuni kitu. Kila mwenye shamba kubwa ana mashine hiyo, ya kubeba mgongoni, injini ya petroli, mdomo mrefu unaotoa upepo wa kuangusha mtoto.

"Iko ghalani," Mahmudu akasema. Akamwachia mabega.

"Ina mafuta?"

"Ina."

"Kimbia! Mwaga salfa yote, pigapiga mpaka iwe tupu. Cecil, lete bomba."

Alikimbia kweli, na tumbo lile. Nikaleta bomba la mvua, nikaliteremsha kwenye nafasi ndogo aliyoniachia, mpaka likagusa chini, karibu na uso wa Nurdin. Mashine ikawekwa mbali, moshi wake usije ukaingia. Mdomo wake tukauchomeka kwenye bomba, Agatha akavua kanga yake ya juu, tukazungushia pale kwenye kiungo. Sauti bado inaita, taratibu tu, jina lile lile. Mahmudu akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Ikafa. Stamili alikuwa ameweka kichwa chini kwenye mchanga.

Kabla hajavuta ya tatu, sauti ikanyamaza. Sikiliza vizuri: kabla. Haikuzibwa na mlio. Ilinyamaza yenyewe, kama mtu aliyegundua anasikilizwa. Halafu injini ikashika, ikanguruma, na kutoka kwenye tundu ikaanza kupanda hewa yenye harufu ile ya uraka, ya moto moto, ikatupiga usoni.

"Moja," Agatha akasema. "Mbili. Tatu."

"Unahesabu nini?" Mahmudu analia. "Shuka sasa!"

"Mpaka mia. Sita. Saba. Nikishuka sasa tutakufa wawili, halafu na wewe utashuka, watatu. Kumi."

Nimesubiri mengi maishani, nimesubiri malipo ya chama cha ushirika, lakini sijawahi kusubiri kama mia ile. Kila namba ilikuwa kijana anakufa. Alihesabu bila kuruka, bila kuharakisha, damu inadondoka kidevuni. Kwenye sitini akanyoosha mkono.

"Koroboi. Mbona kamba fupi?"

Aliniangalia mara moja, akaelewa yote, akaendelea: "Sitini na tatu." Akaunga kipande cha kamba nene kwenye ile fupi, akaiteremsha taa mpaka ikagusa tope. Ilififia, ikalala, ikawa bluu, nikadhani imekwenda. Halafu ikasimama.

Kwenye mia akavuta pumzi, akafunga mdomo, akashuka na kamba mbili, moja kiunoni, moja ya kumfunga Nurdin. Nilihesabu mimi. Kwenye ishirini na nne kamba ya Nurdin ikatikiswa mara mbili. Tukavuta, mimi na Mahmudu, Nurdin akatoka kichwa kimelala, mzito, mweusi wa tope. Agatha akafuata nyuma yake kwa ngazi, akaanguka nje, akapumua kwa kelele kama mtoto mchanga.

Nilimfungua Nurdin mdomo kwa vidole vyangu hivi. Ulikuwa umejaa. Shavu kwa shavu, mpaka nyuma ya ulimi, tope lililoshindiliwa, na katikati yake korosho moja iliyooza. Nikaitoa, nikamwonyesha Mahmudu. Nurdin akakohoa.

Alipelekwa hospitali kwa gari la kaka yake, akalazwa siku nne, akapona. Mahmudu alikiri siku ile ile, mbele ya watu. Msimu uliopita alizificha korosho kwenye kisima, akingoja bei ipande. Kila mtu alimwambia uza, wanunuzi wapo mlangoni, yeye akasema mimi nina akili ya soko. Mvua ikapenya. Magunia ya juu aliyatoa, ya chini yakaoza, akaona aibu, akayafukia kwa udongo mle mle. Hakutaka mtu ajue amekosea hesabu. Nilitaka kumtukana, nikaikumbuka kamba ya kuku, nikaenda kukunja kamba zetu.

Nikamwambia Agatha njiani, tunateremka tunasukuma baiskeli. Nilimwambia kamba niliikata mimi, na nililiona hilo, na nilinyamaza. Hakunitukana.

"Wale mende," akasema. "Uliwaona walivyopanda juu kwenye mfuniko?"

"Niliwaona."

"Na mimi niliwaona. Sikujua kama nimewaona."

"Kumbe shingo yako ni mende tu!" nikajaribu utani.

"Ikikataa, huwa imeona kitu. Sibishani nayo." Akasimama apumzike. "Ikinituma ndiyo nitaiuliza, unanituma wewe, au kuna mwingine?"

"Na ile sauti?"

"Nunua kamba mpya, Cecil."

Kazi tuliendelea nayo, na kamba nilinunua, ndefu kupita kiasi. Lakini maneno yalitutangulia kila tulipokwenda. Stamili alikuwa anasema visimani, harusini, msibani: mume wangu aliita, yuko hai anaita, na yule mama akamkalia juu akihesabu. Hakusema uongo. Alisikia alichosikia. Watu wakaanza kutafuta wasafishaji wengine. Stamili akikutana na Agatha sokoni alikuwa anageuza uso, hata salamu hakuna, na kwetu kumnyima mtu mzima shikamoo ni kumzika mzima mzima.

Mwezi wa pili Nurdin alikuja Chiungutwa. Nilikuwa kwa Agatha, nakula muhogo wake. Stamili alibaki barabarani, amesimama na mwavuli, hakutaka kuingia uani. Nurdin alikuwa amepona, ila alikuwa na tabia mpya, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono kila mara, hata pakiwa hakuna kitu.

"Mama Stella, nimekuja kukuuliza. Nyumbani hatulali kwa neno hili. Mke wangu anasema nilikuita. Mimi sikumbuki chochote, nakumbuka ndoo tu. Nilikuita?"

"Hukuita."

"Kaka naye anasema alisikia."

"Hata mimi nilisikia," Agatha akasema. "Lakini siyo wewe. Mwulize Cecil, ndiye aliyekufungua mdomo."

Nikamwambia. Sikutia chumvi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwonyesha kwa vidole tope lilivyokuwa limejaa, mpaka nyuma ya ulimi, hata herufi moja isingepita. Nurdin akasikiliza, akafuta mdomo, akarudi barabarani. Tulimwona anamweleza mke wake. Alieleza muda mrefu. Mwavuli ukaanza kushuka taratibu mpaka ukagusa vumbi.

Halafu Stamili akaja. Aliingia uani bila hodi, akapiga magoti mbele ya Agatha, akaamkia, "Shikamoo, mama." Midomo ilikuwa imemkauka.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi niliitikia." Alisema kwa kunong'ona, kama kuna mtu nyuma ya nyumba. "Ilipoita, niliitikia. Nilisema naam mara mbili. Nikasema tunakuja. Kama siyo Nurdin, nilimwitikia nani?"

Nilikuwa na utani mdomoni, mimi siku zote ninao. Nikaumeza pamoja na muhogo. Agatha alimtazama yule binti, akapeleka mkono, si kwenye shingo yake mwenyewe, kwenye shingo ya Stamili, akaushikilia pale. Akakaa hivyo. Halafu akamwinua, akamwingiza ndani, akafunga mlango, mchana ule wa jua.

Mimi na Nurdin tukabaki nje. Yeye anafuta mdomo, mimi najifanya natazama baiskeli. Ndani tulimsikia Agatha anahesabu kama alivyohesabu siku ile kisimani, moja, mbili, tatu, na Stamili anaitikia nyuma yake, namba kwa namba.